Redio ya Kusikiliza Peke Yako

Bi Sitara alikuwa amekaa barazani kwake, Mtaa wa Mchikichi, akiikodolea macho redio iliyofungwa nyuma ya baiskeli ya Vitalis. Vitalis naye alizikodolea macho bangili zake: mbili, za dhahabu, nzito. Akafunga breki papo hapo na kuvua kofia.

Maana Vitalis, jamani, alikuwa msomi. Alisoma kwa mapadri mpaka wakamfukuza, na tangu hapo hakuvua tai hata kwenye jua la Kariakoo. Biashara yake ilikuwa redio. Siyo redio nyingi, moja tu. Alikwisha kuiuza Gerezani, akaiuza na Ilala, na kila mara ilirudi kwake salama salimini.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Hiyo inasema Kiswahili?"

"Inasema, inaimba, mpaka taarabu ya Unguja utaipata humo. Na fedha sitaki. Bangili tu."

Bi Sitara akazishika. Marehemu mumewe alimvika siku ya harusi, na tangu siku hiyo hazijatoka mkononi. Akaitazama redio tena, kwa muda mrefu, ubavuni ilikoungua kidogo. Kisha akazivua, na moyo ukamuuma.

Vitalis akatoa karatasi ya Kiingereza, akamfasiria maneno ya juu: uzima wa redio, uzima wa betri, heshima ya mnunuzi.

"Na haya madogo huku chini?"

"Hayo ni adabu za Wazungu tu, bi mkubwa. Kama dua ya kufungia shughuli."

Dua! Yale madogo yalisema redio isikilizwe na mnunuzi peke yake. Ikisikiwa na mtu mwingine yeyote, inarudi kwa muuzaji, na malipo hayarudi. Kariakoo hiyo! Kuta za vyumba hazifiki hata kwenye paa, jirani akipiga chafya wewe unamwombea afya. Nani afungue redio halafu afunge mlango? Wangemwita mchawi. Vitalis alilijua hilo vizuri, na ndilo lililomlisha.

Bi Sitara akaweka dole gumba. Kisha akaingia ndani, akakawia, akatoka na karatasi yenye herufi za Kiarabu, wino bado mbichi.

"Nasi tuna yetu. Tia sahihi, nyumba ipate amani."

Watu wa pwani, Vitalis akajisemea kwa dharau, hata sindano hawanunui bila dua. Akatia sahihi kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukazunguka nusu ya karatasi. Akaiacha redio, akaenda kwa sonara kuziuza bangili, akakuta pamefungwa, akazirudisha mfukoni.

Jioni akarudi Mchikichi. Baraza limejaa mpaka barabarani, redio inaimba, kahawa inazunguka.

"Zimeni! Sharti limevunjwa, naichukua redio yangu!"

"Na bangili zangu?" akauliza Bi Sitara.

"Hazirudi. Imeandikwa."

"Mimi hayo sikuyasoma."

"Kusoma ni shauri lako! Sahihi ni sahihi. Aliyetia mkono amekubali, kasoma hakusoma. Nyote hapa ni mashahidi!"

"Haya, tumesikia," akasema Maalim Zahoro, mwalimu wa chuo cha Kurani hapo mtaani. Akavaa miwani, akaikunjua ile karatasi nyingine, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, akasoma taratibu: "Mimi Vitalis nimemuuzia Bi Sitara redio hii moja kwa moja, asikilize na amtakaye. Nikija kuidai, narudisha bangili papo hapo, na baiskeli niliyojia inabaki kwake."

Vitalis akailegeza tai. "Hiyo si dua?"

"Dua gani?" akauliza Maalim.

"Lakini mimi sijui kuyasoma hayo!"

"Kusoma ni shauri lako!" baraza zima likamjibu.

Wachukuzi wawili wa sokoni walikwisha kuikalia baiskeli. Vitalis akazitoa bangili. Bi Sitara akazivaa, machozi yakimlengalenga, kisha akamgeukia Vitalis.

"Bi Mgeni wa Ilala, uliyemuuzia kabla yangu, ni shoga yangu. Nilikuwa mkekani kwake siku ulipoichukua redio hii hii, yenye alama hii ya kuungua, naye akilia. Baiskeli kesho inakwenda kwake."

"Sasa mimi kwangu Magomeni nitafikaje, bi mkubwa?"

"Kwa miguu, mwanangu. Lakini wimbo haujaisha, kaa kwanza usikilize. Hapa hatumfukuzi mtu."