Kamati ya Sauti ya Ndani

Kwa niaba ya Idara ya Kusikiliza Wananchi, Kitale, natangaza kwa fahari kubwa kwamba mwaka huu wote wa 2008 hatujasikia lalamiko hata moja. Nairobi imetupongeza. Wilaya jirani zinatuonea kijicho.

Siri yetu ni teknolojia. Programu ya malalamiko ni ya zamani na inakataa kompyuta mpya, kwa hivyo wataalamu walibuni, kwa programu tu, kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya. Hiyo ya ndani haina sanduku wala waya. Mkaguzi wa mali alizunguka meza akitafuta pa kubandika namba ya serikali, mwishowe akaibandika dirishani.

Mwananchi huja, hushika maikrofoni, hulalamika. Tukicheza rekodi, kimya. Kamati ya Sauti ya Ndani, ambayo mimi Hiram Gathii ni mwenyekiti wake, ilichukua hatua madhubuti. Tulinunua spika kubwa. Kimya. Tukanunua spika ndogo, maana kompyuta ya ndani lazima iwe ndogo. Kimya. Tukafungua kikao kwa maombi, tukakifunga kwa maombi, kisha tukamwita fundi Wabwile kutoka Bungoma.

"Hii ya ndani hamkuipa kadi ya sauti," alisema. "Ni kuizima, kutia tiki hapa, kuiwasha. Basi, bana."

"Kuzima chombo cha serikali?"

"Rakini chairman, si itawaka tena?"

Nilimfafanulia kwamba kuzima kunahitaji kibali, kibali kinahitaji lalamiko rasmi, na lalamiko rasmi hurekodiwa kwenye mashine hiyohiyo. Tulikwisha kulirekodi. Tulikuwa tunasubiri kulisikia.

Wabwile alicheka mpaka akashika meza. Tukamrudisha kwao, na Kamati ikapitisha azimio: asiyesikika ameridhika.

Ndipo akaja Bilha wa Matisi. Askari wetu walikuwa wamemkamata ng'ombe wake akizurura mjini, wakamfunga nyuma ya ofisi. Serikali haiachi mali iharibike, kwa hivyo tulimkamua kwa ajili ya chai ya saa nne.

"Mkubwa, hiyo ng'ombe ndiyo inanisomeshea watoto," alisema Bilha. "Ati mnaikamua, na mimi nanunua maziwa ya pakiti?"

"Rekodi, mama."

Alirekodi kwa uchungu hata naibu wangu Ngige akapangusa macho. Tukacheza rekodi. Kimya.

"Umeridhika," nikamwambia.

Bilha akaiweka maikrofoni mezani. "Haya. Nimeelewa hii kazi yenu."

Siku ya wageni wa Nairobi kuniletea cheti cha pongezi, Bilha aliingia na kamba. Alimfungua ng'ombe, akampitisha mbele ya hema la sherehe na kuwasalimia wageni kwa adabu.

"Shikeni huyo mama!" nilipiga kelele. "Ni mali ya Idara!"

Kiongozi wa wageni, Bi Jelagat, aliinua mkono. "Mwenyekiti, kelele za nini? Si mko na mashine?"

Niliingia ofisini mbio, nikamwaga hasira yangu yote kwenye maikrofoni. Wageni wakajongea. Ngige akabonyeza. Wakatega masikio, wengine wakafumba macho ili wasikie vizuri.

Kimya.

"Mwenyekiti ameridhika," alitamka Bi Jelagat, akagonga muhuri. "Ng'ombe aende."

Makofi yakavuma. Chai ikaletwa, strungi tupu, bila tone la maziwa. Niliruka kutoka kitini ili nipinge uamuzi ule kwa nguvu zote, na Ngige akanisogezea maikrofoni.