Koti la Kilo Tano

Jumatatu, 7 Julai 1997
Nimelazwa Mpanda. Wiki nzima viatu vimegoma kuingia, na pumzi inaniishia nikifunga mlango tu. Sista Gaudiose kanihoji kama polisi. Nalalia mito mingapi? Mitatu. Nakojoa mara ngapi? Kanibonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki, ungeweza kupanda hindi. Kasema moyo wangu unasukuma damu kwa uchovu, ndiyo maana maji yanajaa miguuni. Vidonge vya kukojoa. Chumvi marufuku. Mizani kila asubuhi kabla ya uji.

Siwezi kukaa hapa! Jumapili mjukuu wangu wa kwanza anabatizwa kijijini Mamba. Binti yangu Lucia kaniahidi aitwe Ngolo, jina langu. Nisipokuwepo, mkwe mwenzangu Fabiani, baba wa mumewe Lucia, atampachika la kwake.

Machibya, mfugaji wa kitanda cha jirani, kasema hapa wanakuruhusu kilo zikishuka. Kilo? Nimeuza mpunga miaka ishirini. Mizani haijawahi kunishinda.

Jumanne, 8 Julai
Nimepanda mizani na koti. Mifukoni mawe matano ya njia ya chooni. Kilo 74! Sista kauliza koti la nini, nikasema baridi. Kesho natoa mawe, nashuka, naenda zangu. Akili mali.

Jumatano, 9 Julai
Kilo 67: tano za mawe, mbili za maji; mawe nimeyarudisha kotini yasionekane. Nilitegemea pongezi. Sista kashika ukuta. Kasema kilo saba kwa siku moja, huyu mzee anakauka! Kapima presha nimelala, kapima nimesimama, kahesabu mapigo macho kwenye saa, kamwita daktari. Vidonge vimesimamishwa. Kuruhusiwa? Labda wiki ijayo. Machibya kacheka mpaka naye akapimwa upya.

Alhamisi, 10 Julai
Maji yamerudi. Mito mitatu haitoshi. Kukaa tu nahema. Nimeogopa, na hilo naliandika hapa kwa kuwa hapasomwi.

Sista kachukua koti alitundike. Msumari ukang'oka ukutani. Kauliza, mzee Ngolo, hili ni koti au machimbo? Nikakiri yote, hadi habari za Fabiani. Hakufoka. Kasema kilo ndizo zinazomweleza moyo wangu umeamkaje. Nikizidanganya, anamtibu mtu ambaye hayupo kitandani. Hiyo iliniingia. Kanipima upya na shuka tu. Vidonge vimerudi.

Ijumaa, 11 Julai
Nimekojoa kama fahali wa Machibya. Shimo la muundi linajifuta lenyewe. Kwa moyo safi nimemkabidhi Sista kibiriti cha chumvi nilichoficha chini ya godoro. Kile cha kwanza.

Jumamosi, 12 Julai
Mto mmoja! Nimetembea hadi mwisho wa wodi na kurudi, nikipiga soga njia nzima, pumzi ipo. Sista kanibonyeza, katabasamu. Naruhusiwa: vidonge kila siku, kliniki baada ya wiki mbili, na asinione tena na koti. Lori la Mamba linaondoka saa nane.

Jumapili, 13 Julai
Viatu vimeingia! Mtoto kaitwa Yohani Ngolo. Kalia kwa nguvu, mapafu safi kabisa. Fabiani kanuna.

Baada ya pilau (yangu haikuwa na chumvi, Lucia kasimamia) Fabiani kavua viatu. Kasema siku hizi vinambana. Nikainama, nikambonyeza muundi. Shimo! Mito mingapi? Miwili. Na ngazi za kanisa kazipanda akipumzika mara tatu. Uadui ukaniisha hapo hapo. Nikamwambia kesho aende kwa Sista Gaudiose, asingoje; mimi wiki iliyopita nilikuwa hivyo hivyo, na leo nimecheza ngoma moja nzima.

Kakubali. Ila anaogopa watamkalisha sana, na mahindi yake yako shambani.

Nikamvuta pembeni, nikampa koti langu. Mawe nimetia mapya, na safari hii mawili tu. Matano ndiyo yaliyoniponza.