Kitabu Kilichoupiga Marufuku Ukoko

Bweni, ng'ambo ya mto,
Pangani.
Mfungo Tano, 1956.

Kwa Bwana Mtunza Sanduku la Vitabu vya Kuazimwa,
Tanga.

Bwana Mtunza Sanduku,

Assalaam alaykum, na kama wewe si mtu wa salamu hiyo, basi pokea habari za siku nyingi ingawa hatujapata kuonana. Mie ni Safari bin Uweso, mpishi wa shughuli. Ukifika kwetu usiulize nyumba yangu, uliza tu sufuria kubwa iko wapi. Tangu Mjerumani hajaondoka, hakuna harusi wala khitma ya maana, upande huu wa mto na ule, iliyopikwa wali mie nisishike mwiko. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mistari ikienda upande usidhani sijui kuandika, ni meza iliyopinda, na meza hiyo nimeiunda mwenyewe kwa mbao ngumu kwelikweli.

Nakuletea mashtaka juu ya kitabu kimoja kilichotoka katika sanduku lako. Ni kile cha mapishi, bustani na kazi za mikono za nyumbani, jalada la kijani, chenye picha ya mama aliyevaa aproni anaichekea sufuria. (Sufuria haichekewi, Bwana. Sufuria huangaliwa.) Kimeletwa na Mwalimu Dorkasi, mke wa karani, anayewafundisha akina mama kusoma. Yeye sina neno naye, ni Mbondei mwenye adabu, hanipiti bila kusema "Shikamoo, babu." Lakini kitabu alikitia mikononi mwa mke wangu, Bi Kijakazi, na tangu siku hiyo nyumba yangu ina wazee wawili, mie na kitabu, na anayesikilizwa si mie.

Utaniuliza kama nimekisoma. Sijakisoma. Nimekila. Sasa sikiliza.

1. Bustani. Kitabu kinasema mboga zipandwe kwa mstari ulionyooka, kamba ivutwe toka kijiti hadi kijiti. Kamba iliyovutwa ni ya mbuzi wangu. Mbuzi akabaki huru, akala mboga zote, na kwa vile zilipangwa vizuri, alizila kwa mstari, hakuruka hata moja. Bi Kijakazi anasema kosa ni la mbuzi. Mie nasema mbuzi hajui kusoma, kosa ni la aliyeandika.

2. Kazi za mikono. Kitabu kina picha ya kabati la kuundwa kwa makasha ya mafuta ya taa. Nikaambiwa, "Mzee, tazama picha kwanza." Nitazame picha, mie niliyeezeka nusu ya Bweni? Nikaunda bila kutazama. Kabati limetoka zuri ajabu, isipokuwa mlango wake unafungukia ndani, na vyombo vikishauegemea haufunguki tena. Vikombe vyote vya Bi Kijakazi vimo humo mpaka leo, tunaviona kwa upenyo. Kama kitabu kisingekuja, kabati lisingeundwa, na vikombe vingekuwa nje. Hilo halihitaji hakimu.

3. Hili la tatu nalikalia kwanza. Twende la nne.

4. Wali. Hapa ndipo penyewe, Bwana, vuta kiti. Kitabu chako kinasema mchele upimwe kwa kikombe. Kikombe cha nani? Changu cha kahawa ni kama kifuu cha kitoto, cha Idarusi jirani yangu unaweza kumwogeshea kuku. Na vikombe vyenyewe nimeshakwambia viliko. Bi Kijakazi akapima kwa kopo la maziwa. Kisha kitabu kinasema funika, punguza moto, usipalie makaa juu ya mfuniko, maana wali mzuri hauachi ukoko. Hauachi ukoko! Niliposomewa neno hilo niliomba lirudiwe.

Nami nilikuwa nimelala na homa siku ya khitma ya marehemu kaka yangu, ndiyo maana Bi Kijakazi alipika yeye, kwa kitabu. Wageni walikuwa wachache, wakala. Idarusi, ambaye mwanawe anamposa mjukuu wangu Mastura, alikula mpaka akalegeza msuli, akaja kitandani kwangu akaniambia, "Yakhe Safari, homa imekufundisha kupika!" Wallahi joto likanipanda upya. Kisha akachukua sahani akaenda nyuma ya nyumba kutaka ukoko wake kama ada. Akarudi na sahani nyeupe. Chini ya sufuria pamesafika kama hapakupikwa kitu. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji.

Labda wewe wa mjini hujui. Kwetu ukoko ni wa mpishi. Wageni wakishakula na kunawa, mpishi hukaa nyuma ya nyumba na sufuria yake, akabandua taratibu, na anayetaka kipande huja mwenyewe na sahani mkononi, hata awe liwali. Hapo ndipo mji unapozungumzwa. Fulani kamwacha mkewe, tumwambie amrudishe. Binti wa fulani kakua, kijana wa fulani anafaa. Hata Mastura aliposwa juu ya ukoko. Mie nabandua, Idarusi kasimama na sahani, ananiambia, "Safari, mwanangu yule hana tabu," nami nikamwambia, "Kaa chini, ukoko bado mwingi." Sasa ukoko ukiondoka, watu watakula, watanawa, watakwenda zao. Wasipokaa nyuma ya nyumba hawatazungumza. Wasipozungumza hakuna wa kuposa. Hakuna posa, hakuna harusi, hakuna harusi, hakuna watoto, na watoto wasipozaliwa, Bwana Mtunza Sanduku, hivyo vitabu vyako ataviazima nani? Mbuzi wangu?

5. Mambo hayakuishia hapo. Harusi ya Mastura ni Mfungo Sita, Maulidi ikipita. Ndiye mjukuu wa mwisho, baada yake nyumbani mwangu hakuna tena wa kuozwa. Akina mama wamekaa kikao, wakakata shauri kwamba wali atapika Bi Kijakazi, kwa kitabu. Mie, ati, nitakaa mbele na wageni, nivae kanzu, ninyunyiziwe marashi. Mie! Tangu nipate akili sijakaa mbele kwenye harusi. Sijui hata mtu huweka wapi mikono.

3. Sasa lile la tatu. Bi Kijakazi mimi nilimjulia kwenye ukoko. Ilikuwa harusi ya ng'ambo, Pangani mjini. Wenzake walikuja wanaomba kwa kunyenyekea. Yeye akaja akasimama, akanyoosha sahani, akasema, "Wewe mpishi, umeunguza." Nikambandulia kipande kikubwa kuliko cha mwenye harusi. Tangu hapo kila nikipika kipande cha kwanza ni chake, na kila mara husema nimeunguza. Siku ile ya homa aliniletea sahani kitandani, wali mweupe, kila punje imejitenga na mwenzake kama watu waliogombana. Nikamwuliza, "Na ukoko?" Akasema, "Kitabu kinasema ukoko ni wali uliopotea." Nilikula, maana nilikuwa na njaa, lakini nilikula nimegeukia ukutani. Basi ndilo hilo la tatu.

Kwa sababu hizo naomba haya, tena kwa heshima. Ukurasa wa wali ung'olewe katika vitabu vyote vya namna hiyo, vilivyoko Tanga, vilivyoko Maramba na kokote sanduku lako linakokwenda. Mahali pake uwekwe ukurasa mpya, mie nitasema, mtu wenu ataandika. Aliyekitunga aje Bweni, avuke kwa pantoni, nimfunze kupalia makaa, kula na kulala juu yangu, ila chai atanywea kata mpaka kabati lifunguke. Na yule mama wa aproni apigwe picha nyingine, asicheke.

Haya yafanyike kabla ya Mfungo Sita. Baada ya hapo hata mkinijibu kwa karatasi ya dhahabu haitanifaa kitu.

Nisalimie wote wa ofisini kwako, na yule anayelipandisha sanduku kwenye gari, najua ni zito. Wasalimie na wazee wa Usagara, hapo hapo Tanga, waliokula harusi zangu, waambie mwiko bado ninao. Bi Kijakazi naye angekusalimu, lakini hajui kama naandika.

Ni mie niliyeonewa na kitabu,
Safari bin Uweso,
Mpishi, si msomaji.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni mwa kanzu kwa kuwa pantoni iliharibika, na ilipotengenezwa harusi ilikwishafika. Nilikaa mbele kama walivyotaka, na marashi yangu. Watu wa Idarusi wakaja wengi kuliko walioalikwa. Mara Bi Kijakazi akaniita mlangoni, jasho linamtoka, akasema, "Mzee, inuka. Kitabu kinajua wali wa watu sita tu." Sijapata kuinuka kwa haraka vile tangu ujana. Tukakaa wote kwenye mafiga, yeye anasoma ukurasa ule kwa sauti, mie naukuza kwa macho mpaka utoshe sufuria kubwa. Nilifuata neno kwa neno, isipokuwa pale nilipoona mwandishi amekosea, na hapo tuligombana, naye akashinda. Wali ulitoka ambao sijapata kuupika maishani. Idarusi anawatangazia watu kwamba ni mkono wangu, nami sijamkatalia. Ila sufuria moja ndogo niliiteleka pembeni nikaipalia makaa kimyakimya. Watu waliponawa, Bi Kijakazi akaja na sahani, akasimama, akasema nimeunguza.

Kwa hiyo ukurasa using'olewe. Kitabu nacho usitume mtu kukidai kwa sasa, kimeingia samli kidogo na bado tuko kwenye mikate. Na kama sanduku lina kitabu kingine cha kuunda makabati, nipakilie katika gari la Jumatatu. Kiwe chenye picha kubwa.