Bibi Gia Apanda Kitonga

Jumatatu, 2 Julai 1973

Baridi ya Iringa leo ina meno. Nimevaa mashati matatu na bado natetemeka kama kuku wa mvua. Moyo lakini una joto. Mchezo wangu unasemwa hadi Nyololo!

Mwalimu wa kisomo alisema ukiandika, andika kama anayesoma hajui kitu. Haya. Mimi Yotamu, darasa la tatu na nusu. Nusu iliyobaki ilikatizwa na mvua. Mchezo wangu ni ubao wa sanduku la chai la Mufindi, umeegemea ukuta. Juu yake nimechora barabara ya mlima wa Kitonga, kona zote, na kila kona nimetoboa shimo. Shimo ndiyo korongo. Lori ni kopo la mafuta, linavutwa kwa kamba mbili, moja mkono wa kushoto, moja wa kulia. Ukivuta taratibu linapanda. Ukivuta kwa hasira linazama korongoni na mchezo umekwisha. Ukifika juu, Ilula, unapewa mche wa sabuni. Hajafika mtu. Afadhali, maana sabuni ninayo moja tu, ya kuonyesha.

Ndani ya lori anakaa dereva. Nimemchonga mwenyewe. Anaitwa Bwana Gia. Masharubu ya mkaa, uso wa mtu aliyetoka kula nyama.

Sasa habari mbaya. Mzee Kalinga, mwenyekiti wa kamati ya soko, amesema kwenye ile kona ya stendi yenye jua hatutakaa wawili. Abaki mmoja. Mwenzangu ni Asukile, kijana wa Tukuyu mwenye suruali ya bugaluu, pana miguuni, anayerushisha watu pete kwenye chupa. Sabasaba, yaani Jumamosi, mzee atakuja kutazama. Mwenye watu wengi anabaki kwenye jua. Mwingine anakwenda nyuma, kwa wauza dagaa, kwenye upepo.

Mimi nina madereva na mautingo wao. Asukile ana madereva wachache na wanawake wote wa soko. Wanampendea bugaluu. Kwangu hawaji. Nimewaza sana. Nalala njaa maana nilisahau ugali jikoni ukaungua.

Jumanne, 3 Julai

Bwana Gia hana kichwa!

Ni Faustin. Huyu ni dereva wa malori ya Zambia, mtu mzima, shingo kama gogo. Kaanguka kona ya pili, kavuta kamba kwa hasira, lori likaruka, Bwana Gia akagonga msumari. Kichwa kikabingirika mpaka kwenye jiko la dada Kalista, muuza chai. Kikaungua. Dada Kalista akasema pole, chai imechemka vizuri.

Nimechonga kichwa kingine haraka haraka. Hakikukaa sawa, kilikuwa kinainama kama cha mtu anayesinzia kanisani. Nikaomba kipande cha kitenge kwa fundi cherehani, nikafunga kuanzia shingoni mpaka juu. Kikashika. Nikarudi hatua moja nitazame kazi yangu.

Bwana Gia amekuwa mwanamke.

Nilitaka kumfungua, lakini kichwa kingeanguka. Basi. Asukile akapita na bugaluu yake inafagia vumbi, akaniuliza mke wangu anakwenda wapi na lori. Nimemwambia anakwenda Tukuyu kumletea yeye suruali ya kiume.

Jibu zuri. Naliandika lisipotee.

Jumatano, 4 Julai

Maajabu.

Severina kaja. Huyu analeta vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kila wiki, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Hajawahi kusimama kwangu, hata salamu hutoa akiwa anapita. Leo kaweka tenga chini, kainama, kachungulia ndani ya lori. Akauliza yule ni nani anayeendesha.

Nikadanganya haraka kama kawaida yangu. Nikasema ni Bibi Gia, dereva hodari, ameshapanda Kitonga usiku na mvua, breki hana. Severina akafuta mikono kwenye kanga, akashika kamba.

Kaanguka kona ya kwanza. Kacheza tena. Kaanguka ya pili. Kacheza tena! Akaenda, akarudi na wenzake wawili wa nyanya na mmoja wa maharage. Mchana wote nina wanawake wamenizunguka, kila mmoja anamfokea Bibi Gia akanyage, asikanyage, ashike kulia. Asukile alibaki na chupa zake wanatazamana.

Faustin kaja jioni, kamwona dereva, kagoma. Alisema lori si chungu cha mboga. Yeye miaka kumi na miwili barabarani, hawezi kupanda Kitonga ameketi na kilemba. Utingo wake naye akagoma, maana utingo hula anapokula bosi.

Kwa hiyo nimejua siri ya biashara. Wanawake wanataka Bibi. Wanaume wanataka Bwana. Mtu mwenye akili atawapa wote. Kesho nina mpango. Sisemi hata humu.

Nasema. Nitambadilisha kila akija mteja! Kilemba kwa wanawake. Wanaume, kilemba nashusha shingoni kama skafu ya baridi, nabandika masharubu ya mkia wa mbuzi kwa ulimbo. Nani atajua?

Jumapili iliyopita padri alihubiri juu ya ujanja wa nyoka. Nilisinzia sehemu iliyobaki.

Alhamisi, 5 Julai

Asubuhi mpango ulikwenda kama maji. Kaja mwanamke, kilemba juu. Kaja dereva, kilemba chini, masharubu. Nilikuwa napinda mgongo pembeni mwa ubao kama fundi saa.

Mchana basi la Mbeya likashusha watu wote pamoja. Wanaume, wanawake, wamechanganyika kama kande. Nikaanza kubandua, nikabandika, nikabandua. Ulimbo ukaganda vidoleni. Mwishoni sikujua nimeacha nini.

Faustin alikuwa wa kwanza kwenye kamba. Kapita kona ya pili, kapita ya tatu, jasho linamtoka na baridi hii, anapiga kelele anasema nimepita, nimepita! Akazama ya nne. Akaapa atarudi kesho. Akaondoka anatabasamu. Ndipo nikaangalia ndani ya lori. Kilemba kilikuwa juu! Kapanda kona tatu nzima na kilemba, hakuona.

Dada Kalista alikuwa anatazama toka kwenye birika lake. Akaja, akanishika bega.

"Yotamu, mdogo wangu, unajichosha bure. Mtu akishashika kamba, dereva ni yeye. Hujawasikia? Hakuna anayesema ameanguka. Wote wanasema nimeanguka."

Nikafikiri. Kweli wanasema nimeanguka. Maneno ya mtu mzima hayo. Nikataka kuacha masharubu yote.

Kumbe Severina alikuwa nyuma yangu. Kamtoa dereva wangu ndani ya lori, kamwinua juu. Chini ya kilemba kulikuwa na mkia wa mbuzi.

"Kalista, sema yako. Mimi nilimtazama. Kila nilipocheza nimemtazama." Akamrudisha ndani ya lori taratibu, kama anarudisha yai kiotani. "Na wewe Yotamu, umemfanya nini huyu mama?"

Akabeba tenga lake akaondoka. Wa nyanya na wa maharage wakamfuata.

Sasa mmoja anasema dereva si kitu, mwingine anasema dereva ndiye kitu. Na wote wamenikasirikia. Kula nimekula, lakini bila raha. Maharage yalikuwa mazuri hata hivyo.

Ijumaa, 6 Julai

Siku ya furaha, ingawa si yangu.

Asukile kaniiga. Kachora sura za wanawake kwenye chupa zake, midomo myekundu, hereni, nyusi. Kawaambia watu kwamba kwake mashujaa ni kina mama wote. Madereva wakajaa. Roho yangu ikanywea.

Halafu Faustin akarusha pete. Ikaingia shingoni mwa chupa moja nene, safi kabisa, watu wakashangilia. Wakati huohuo mke wake Apolonia alikuwa anashuka kwenye basi la Mafinga. Alichokiona Apolonia ni mume wake, mbele ya stendi nzima, amemvisha pete mwanamke mwenye hereni, na watu wanapiga vigelegele.

Apolonia hakugombana. Alimsalimia kila mtu, kamwene, kamwene. Akaiokota ile chupa, akaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akamwambia Faustin twende nyumbani wote watatu.

Nimecheka mpaka shati moja limepasuka. Yamebaki mawili.

Baada ya hapo hakuna mume aliyethubutu kurusha pete. Asukile kawafuta wale wanawake kwa mchanga na maji, bugaluu imelowa mpaka magotini.

Jioni kaja Bujiku, Msukuma wa Usangu, kaleta ng'ombe mnadani. Mtu mrefu, fimbo ndefu zaidi. Katazama mchezo wangu kwa heshima kubwa kisha akauliza, ng'ombe yuko wapi? Nikamwambia hakuna ng'ombe, ni lori. Akasema anaona lori. Anauliza ng'ombe. Akaenda zake kwa huzuni.

Hilo nimeliweka akilini.

Kesho Sabasaba. Mzee Kalinga anakuja. Niweke nani? Nikiweka Bwana, wananuna wanawake. Nikiweka Bibi, wananuna madereva, labda, au hawaoni, sijui tena. Nimepata jibu lakini. Simweki mtu! Lori tupu. Nani atakasirikia kiti?

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba



Watu wengi kama nzige. Bendera, ngoma, watoto wa shule wanapita. Mzee Kalinga kaketi kwenye kigoda kati yangu na Asukile, mkongojo mkononi, kofia ya manyoya imemshuka mpaka masikioni.

Nikafunua ubao. Watu wakasogea. Wakaangalia. Wakarudi nyuma.

Mmoja akauliza dereva yuko wapi. Nikasema hayuko, kila mtu ajiweke mwenyewe. Minong'ono ikaanza. Lori linapanda Kitonga bila mtu? Mama mmoja akavuta watoto wake. Mwingine akasema huko kwao lori la namna hiyo linabeba misukule, maiti wanaokwenda kulima. Kufumba na kufumbua nina uwanja mtupu na mbwa. Kwa Asukile pete zinaruka. Mzee Kalinga akaanza kugeuza kigoda upande ule. Nikaanza kunusa dagaa.

Akatokea Severina, na tenga lake na wenzake. Akaniambia nimtoe yule mama. Nikamtoa mfukoni. Akambandua mkia wa mbuzi, akamfuta uso kwa mate, akamfunga kilemba upya, vizuri, fundo kwa nyuma kama wanavyofunga Ruaha Mbuyuni. Akamketisha.

Faustin alikuwa pale na Apolonia, wameshapatana. Faustin akasema bado hapandi Kitonga na kilemba. Apolonia akamuuliza anaogopa mwanamke gani leo, yule wa lori au yule wa chupa? Watu wakaangua kicheko, wakarudi wote. Faustin hakuwa na njia. Kashika kamba. Kapanda na Bibi Gia kona ya nne, ya tano. Yeye mwenyewe akaanza kumbembeleza, polepole mama, polepole. Kona ya mwisho, chubwi.

Zamu ya Severina. Hata Asukile kaacha pete zake, kaja kutazama. Alivuta kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Kona ya tano. Ya mwisho. Lori likayumba ukingoni, likakaa. Likafika Ilula!

Kelele hizo. Mzee Kalinga kasimama, kigoda kimeanguka. Nikampa Severina sabuni yangu ya pekee, roho inauma kidogo. Akaiangalia hata hakuipokea vizuri.

"Kila wiki napanda Kitonga juu ya magunia," alisema, "kanga mdomoni kwa vumbi, sioni ila nilikotoka. Leo nimeona mbele."

Wanawake wakapanga mstari kwenye kamba. Madereva nyuma yao. Mzee Kalinga akapiga mkongojo ukutani, akasema kona ya jua ni ya lori. Nimekula wali.

Jumapili, 8 Julai

Kona ya jua. Yangu! Nimevua shati moja.

Nimekaa nafikiri kwa nini nimeshinda. Dada Kalista ana lake, Severina ana lake. Wote wamekosea. Mimi ndiye nimeelewa. Watu walijaa kwa sababu nilibadilisha. Kitu kikikaa siku mbili kimechacha. Kwa hiyo leo nimebadilisha.

Nimechonga ng'ombe.

Ni dume, pembe ndefu za Usangu. Pembe hazikuenea, nimekata paa la lori. Bujiku akija atalia kwa furaha. Severina kanitumia salamu kwamba Jumatano anakuja na wanawake kumi na moja wa Ruaha Mbuyuni, wote wanataka kupanda Kitonga. Hawajui bahati yao. Watamkuta ng'ombe!

Bibi Gia nimempa Asukile. Tumebadilishana. Alimkumbatia kifuani, akakimbia kuelekea kwa wauza dagaa, mapaja nje, anaita watu. Nilimwonea huruma. Kijana mzuri, lakini biashara hajui.

Bugaluu inanibana kiunoni. Chini inaingiza upepo wote wa Iringa.