Mjomba Hawekwi Mkiani mwa Msafara

Ha Rantsane,
Jumatano.

Kwa Morena Letlatsa, chifu wetu, pamoja na Baraza lake lote.

Morena mheshimiwa,

Sisemi kwa kujisifu, maana sifa nilizonazo zinanitosha, lakini katika milima hii kila kona inawajua watu wawili tu: Mungu aliyeichonga, na mimi ninayeipita. Wale wahandisi waliokuja kupima barabara walikuwa hawachomeki kigingi mpaka waniulize, "Ntate Sekhobe, mlima huu unaishia wapi?" Nawaonyesha kwa kidole, wanaandika. Shule niliishia darasa la tano, ila la tano nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida nimefika la sita.

Nakuandikia kama mjomba wa Lebusa, kaka wa mama yake, tumbo moja ziwa moja. Jumamosi hii tunapeleka mahari ya Lebusa kwa akina Nthatuoa, mchumba wake, kule Ha Mphosi kwa mara ya pili, na wewe unajua kwamba ya tatu haipo. Wazee wa kule wamesema wazi: tusipofika wote kwa pamoja, na ng'ombe wakiwa wazima, binti yao ana wengine wanaougonga mlango. Kijana hali chakula. Juzi mama yake alimwekea papa, ugali wetu, na mboga za moroho, akawa anakoroga tu kama anayetafuta pete ndani ya sahani.

Basi, katika jambo zito namna hii, kamati ya safari imekaa Jumapili baada ya ibada na kuchagua njia ya bondeni. Napinga, na malalamiko yangu ni haya:

1. Njia imechaguliwa kwa kulitazama gari dogo, badala ya kulitazama langu.

Magari ni manne. Kuna gari dogo jeupe la Rakhali 'Mamotena, shangazi wa bwana harusi na mwalimu wa chekechea, ambalo tumbo lake liko karibu na ardhi kiasi kwamba likipita juu ya kuku, kuku anajua. Kuna basi dogo la kanisa litakalobeba akina mama wa kwaya. Kuna trekta la Ntate Khabele na tela lake. Halafu kuna pikapu yangu, Radi, yenye magurudumu manne, na yote manne nimeyahesabu mwenyewe.

Njia ya juu, ya lile pengo la mlima liitwalo Khoro ya Lefokotsane, ni fupi, ina mawe ya kiume, na kona zake ni kali hivi kwamba dereva huziona taa zake za nyuma. Njia ya bondeni inafuata mto, inazunguka kama mlevi anayeogopa kufika nyumbani, na ina kivuko kimoja cha changarawe ambacho hata mtoto anavuka huku anakula. Nikauliza kikaoni, tunazunguka kwa nini? Rakhali akasimama, akaweka blanketi lake vizuri begani, akasema, "Malome, mjomba wetu, utotoni ulikuwa unachunga au ulikuwa unachungwa? Kundi hutembea kwa mwendo wa kondoo kilema."

Watu wakapiga makofi. Morena, kwa mantiki hiyo, kwaya nayo iimbe kwa sauti ya yule asiyejua kuimba. Nilisema hivyo hivyo mbele yao. Mke wa mchungaji wa kanisa akanuna akidhani namsema yeye, jambo ambalo kwa siku hiyo halikuwa kweli.

2. Nimewekwa mkiani.

Imeamuliwa mbele litangulie gari dogo, eti mahali litakapopita hilo, wote watapita. Lifuate basi, kisha trekta. Nyuma kabisa niende mimi, nimebebeshwa sepetu, mbao za kuwekea matairi, sufuria ya likhobe, nafaka za kuchemsha, na kondoo mmoja aliye hai. Tena kila dereva anatakiwa amwangalie wa nyuma yake kwenye kioo, na asipomwona asimame amngoje. Mimi nimwangalie nani? Nyuma yangu ni nchi tu.

Morena, mimi ndiye niliyepanda Khoro ya Lefokotsane kinyumenyume, mwaka ambao mlima ulikuwa umesimama mno hata petroli ikakimbilia nyuma ya tangi. Nilipofika juu, mwezi ulikuwa umeegemea dirisha langu, nikauomba usogee ili nifungue mlango. Mtu wa namna hiyo leo avute vumbi la mwalimu wa chekechea?

3. Kamati inataka kuyapima magari hadharani.

Ijumaa asubuhi kila gari lipande kilima cha shule watu wakitazama, ijulikane linaweza nini. Huku ni kuvuliwa nguo. Nilipokataa, Ntate Khabele akaanza maneno yake: "Ntate Sekhobe, kama linavuta kwa magurudumu yote manne, kilima cha shule kwako ni nini? Si ni ngazi ya kanisa tu?" Nikamjibu kwamba simba haombwi angurume ili watu wajue ana meno. Akasema, "Hata simba anayekohoa?" Wakacheka mpaka mtunza hazina akaegemea dirisha. Naomba kicheko hicho kiandikwe katika kumbukumbu za Baraza na kifutwe.

4. Nalaumiwa kwa safari ya kwanza, ambayo mimi nahesabu ilifanikiwa.

Ni kweli mwezi uliopita niliongoza mimi. Ni kweli kwamba kwenye njia panda nilikata kulia kwenda juu bila kumuuliza mtu, maana kiongozi anayeuliza ni abiria. Gari dogo likapiga jiwe kwenye kona ya pili na kumwaga oili yote. Basi likaanza kurudi nyuma lenyewe; akina mama wakashuka wakiimba, wakalisukuma wakiimba, halafu hawakuimba tena. Trekta likabaki kuwasaidia. Mimi ndiye niliyekuwa na blanketi la zawadi la mama mkwe wa Lebusa, na blanketi la mama mkwe halichelewi, kwa hiyo niliendelea.

Ng'ombe walikuwa wametangulia kwa miguu na mchunga ng'ombe wetu, Tšolo, kwa njia hiyo hiyo ya juu, kwa kuwa ng'ombe hana oili ya kumwagika. Niliwakuta chini ya kile kipande kikali kuliko vyote. Hapo, kwa sababu ya heshima tu, nikapunguza mwendo. Tukapanda pamoja, tukafika pamoja. Mjomba na mahari, mlango mmoja, dakika moja. Ni nani mwingine katika ukoo huu amewahi kupanga jambo likapangika hivyo?

Kosa lilikuwa la wenyeji. Walimwona mwanamume mmoja, blanketi moja jipya na ng'ombe sita, bila baba wa kijana, bila shangazi, bila msemaji. Bibi wa binti, Nkhono 'Malisema, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akamgeukia mjukuu wake: "Nthatuoa, mwanangu, ulituambia ni kijana."

Binti akaangua kilio. Bibi akambembeleza: "Basi, nyamaza. Wa umri huu huwa hawakai sana."

Morena, mimi ni wa umri wa kati.

5. Ng'ombe wawili, na kutazamwa kwangu.

Walipowakagua ng'ombe, maksai wawili walikutwa wamechubuka kifuani na mabegani, michubuko ya kamba. Mzee wao mmoja akapitisha kiganja pale, akakinusa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Sisi tunapokea mahari. Hatupokei vibarua. Hawa wametoka kazini." Akawarudisha wote wawili, na ndiyo maana tunakwenda tena na wengine.

Baraza lako limeona kwamba Tšolo ndiye aliyekuwa na ng'ombe, kwa hiyo kamba ni yake, na Ijumaa jioni atanyang'anywa fimbo ya kuchunga, yeye na mke wake waondoke kwenye nyumba ya wachunga mifugo. Katika hukumu hiyo mimi simo. Ninalolalamikia ni jingine. Tšolo aliulizwa kamba ilitoka wapi. Alivuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi, akanitazama. Akaulizwa tena, akanitazama tena. Wewe mwenyewe, Morena, ulifuata macho yake ukanitazama, na Rakhali akakutazama wewe unavyonitazama, na kikao kizima kikawa ni kutazamana. Nadai mtu mzima, mwenye gari, asitazamwe hivyo.

6. Ninayoyaomba.

Toa amri msafara upite njia ya juu. Gari dogo lipakiwe kwenye tela kama gunia la mahindi, Rakhali akiwa ndani na vioo vimefungwa, ushauri usitoke. Basi la kanisa libebe wembamba peke yao.

Hayo ni ya wiki hii. Kwa siku zijazo naomba nafasi ya mtu katika ukoo ipimwe kwa nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari lake na ardhi. Aliye juu ndiye msemaji wa familia. Aliye chini aoshe vyombo. Asiye na gari ahesabiwe mtoto mpaka atakapolipata, hata kama ana wajukuu. Vijana wetu wakatazwe kuposa katika vijiji vinavyofikika kwa njia ya bondeni, kwani mke unayeweza kumfuata kwa gari dogo, ukija kugombana naye utamwambia ulipata tabu gani kumpata? Na njia ya bondeni yenyewe izibwe kwa mawe. Mawe nitaleta mimi. Kama mto utakuwa na malalamiko, uelekezwe kwangu.

Najua Rakhali atakuambia kwamba mwenda pole hajikwai. Ni sawa. Lakini mwenda pole hukuta nyama imeisha.

Naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya Baraza lote, na msomaji asiwe Rakhali, kwa sababu huwa anasoma huku anasahihisha.

Nisalimie nyumbani kwako, 'Me, mama wa nyumba, na watoto, na yule farasi wako mwekundu ambaye mguu wake ulipona siku ile nilipopita karibu. Wasalimie wanakamati wote, hata waliocheka. Ntate Khabele asalimiwe mwishoni. Wasalimie akina mama wa kwaya, waambie viatu vilivyobaki Khoro nimeviona na vinaendelea vizuri. Amani, mvua na neema viwe juu ya Ha Rantsane.

Ni mimi, nisiyepitwa,
Sekhobe Ramaili
Mjomba wa bwana harusi, na dereva.

N.B. Haya ya chini yasisomwe hadharani. Ni yako peke yako, Morena, na ikiwezekana ukiwa umeugeukia ukuta.

Tšolo asinyang'anywe fimbo. Leo asubuhi tulikutana kisimani, nikajua sasa atanitapikia yote. Akanisalimia tu, "Lumela, Ntate," akanisaidia kunyanyua ndoo, akaenda zake. Papa yangu ya mchana iko hapa pembeni ya karatasi, imeota ngozi.

Kamba ni yangu. Magurudumu manne yapo, lakini yanayovuta ni mawili. Ya mbele yamekuwa ya mapambo tangu majira ya ile theluji kubwa. Pale chini ya kipande kikali Radi ilikohoa, ikazima. Tšolo aliniambia, "Ntate, ng'ombe wa mahari hafungwi kamba." Nikamwambia kwa mjomba ni tofauti. Nikawachagua wale maksai wawili, nikawafunga kwa mikono yangu, wakanivuta mpaka kileleni. Mimi nilikuwa ndani nimeshika usukani, kwa hiyo kuendesha niliendesha.

Basi njia ya bondeni ni nzuri. Ichaguliwe hiyo, ila itangazwe kwamba ni kwa ajili ya gari la Rakhali. Kilima cha shule cha Ijumaa kiahirishwe. Sema mvua itanyesha. Akina Nthatuoa nitawaeleza mwenyewe habari za maksai, nikishafika.

Kufika ndiko ninakoombea. Ukishavuka kile kivuko kuna mwinuko kidogo, si mlima, ni mwinuko. Rakhali asikimbilie mbele. Nitolewe mkiani, niwekwe nyuma yake moja kwa moja, kwa urefu wa kamba. Gari lake nimelikagua jana alipokuwa dukani, nikainama mpaka chini. Lina ndoano nzuri sana, na kamba nimeshaifua.