Kiazi cha Kilo Mia

Jumatatu, 2 Juni
Ukurasa wa mashindano ya viazi vikuu umefunguliwa. Nimeuandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Mtu anajaza jina na uzito wa kiazi, basi. Zawadi ni nguruwe jike. Wa kwanza kujiandikisha ni jirani yangu Kepu. Penye uzito ameandika: "Kinashinda kichwa cha Lisiate." Lisiate ni mimi. Ukurasa umepokea. Shangazi Mele'ana, mwenyekiti wa mashindano, amepiga simu. Kisanduku kile kipokee namba tu. Dada wa baba hakataliwi.

Jumanne, 3 Juni
Nimeweka amri: kisicho cha aina ya namba kirudishwe. Kimerudishwa kila kitu. Hata kumi na mbili aliyoijaribu Shangazi. Kumbe chochote kinachochapwa kisandukuni hufika kama maandishi, hata tarakimu tupu. Nimemweleza Shangazi. Akauliza kama nimekula.

Jumatano, 4 Juni
Sasa natumia amri nyingine, isNaN. Hiyo huuliza kama kitu kinashindwa kugeuka namba. Maneno yanarudi, kumi na mbili inapita. Safi. Alasiri Kepu, ambaye hajapima kiazi chake, ameacha kisanduku kitupu akabonyeza. Kimepita. Kwa mashine, utupu ni sifuri. Kepu ana kiazi cha kilo sifuri. Kurekebisha ni mstari mmoja tu. Nimekwenda kuoga.

Ijumaa, 6 Juni
Changu kina kilo saba. Inauma. Lakini nimegundua ukiandika 1e2, mashine inasoma mia moja wala haigunii. Nimeandika hivyo. Nikiulizwa, kidole kiliteleza. Naongoza. Nimeanza kujenga banda la nguruwe. Mke wangu Lupe ameuliza hicho kiazi cha kilo mia kimelala wapi. Nikamwambia mambo ya kompyuta hayawezi. Akasema ya viazi anayaweza.

Jumamosi, 7 Juni
Hakuna aliyeniambia kutakuwa na mizani. Ukumbi wa kanisa umejaa. Shangazi ameniita wa kwanza, akaomba wanaume wanne wenye migongo mizima wanisaidie kubeba. Nimeingia na kiazi kwapani. Watu wamecheka mpaka wazee wakatafuta vitambaa. Nikasema kidole kiliteleza.

"Kiliteleza kutoka saba mpaka mia, mwanangu?" akauliza Shangazi. "Hakikuumia?"

Kisha akanifuta kwenye orodha, akachukua na kiazi akapike kwake. Kepu wa sifuri amepima kilo kumi na nne. Nguruwe kaenda naye. Njiani ameniuliza kwa upole kama lile banda nalipangisha.

Jumatatu, 9 Juni
Kisanduku sasa kinakataa utupu na kinakataa herufi. Shangazi ameridhika, amenipa na kazi ya mwakani. Nimekaa nikalitafuta kosa langu bila kujionea huruma. Nimelipata. Mia ilikuwa nzima mno. Mwakani naandika thelathini na sita nukta nne. Namba yenye nukta hakuna anayeitilia shaka.