Tomeko Aupanda Hokodake kwa Ajili ya Ukuta wa Hamamu

Sogeeni basi, mliosimama mkae na mliokaa mbanane, mwenye mtoto alalaye amwamshe naye asikie, maana habari hii haisimuliwi kwa sauti ya kuazima chumvi. Ni habari ya Tomeko binti Hiraiwa, malkia wa mvuke, mlinzi wa hodhi, mkoka moto wa alfajiri. Jinsi alivyoliendea Hokodake, jitu la mawe lililosimama wima juu ya bahari, akalikanyaga utosini, kisha akarudi nyumbani kabla sufuria ya mchana haijachemka.

Chanzo cha vita kilikuwa ukuta. Hamamu ya Tomeko ndiyo pekee iliyobaki katika mji ule wa wavua ngisi, na kama ilivyo desturi ya hamamu za Japani, ukuta wake wa ndani ulibeba picha kubwa ya mlima Fuji: nusu ya kushoto ikitazamwa na wanawake, nusu ya kulia na wanaume, kiambaza kikipita katikati kulinda heshima za watu. Mvuke ulikuwa umeitafuna picha ile hata Fuji akabaki kama mzee aliyesahau meno nyumbani. Akaitwa fundi Otowa kutoka Osaka, bingwa wa kuta, akaja na ndoo zake za rangi. Jioni hiyohiyo Tomeko akatoa tamko mbele ya wateja: safari hii Fuji apumzike. Hakuna mtu wa pale aliyewahi kufungua dirisha akamwona Fuji. Ichorwe ghuba yao wenyewe kama ionekanavyo kutoka kilele cha Hokodake, uzuri ambao wageni husafiri mchana kutwa kuufuata.

Ndipo alipoinuka Ginpei muuza tofu, ile jibini ya soya, simba wa ulimi, taulo kichwani kama taji, maji yakimtiririka hadi kwenye visigino.

"Mama Tomeko, mtu akiingia maji ya moto anataka kusafiri, siyo kubaki hapahapa. Halafu hayo ya kileleni unayoyasifu, umeyaona lini?"

Tomeko akainama kukaza bomba lisilovuja. Kwa maana Tomeko alizaliwa chini ya mlima ule, akaolewa chini yake, akamzika mumewe chini yake, na alikuwa hajawahi kuupanda, wala Ginpei, wala kiumbe yeyote aliyeketi mle majini. Mlima wa nyumbani hupandwa na wageni. Mwenyeji husema kesho, kesho, mpaka magoti yanajiuzulu. Fundi Otowa akakata shauri: yeye huchora kilichoonwa. Aletewe habari na mtu aliyefika kileleni kwa miguu yake kabla ya adhuhuri ya kesho, la sivyo atamrudisha Fuji, ambaye humchora hata akiwa anasinzia.

Kulipokucha, shujaa akajifunga taulo shingoni, akatia kibindoni mabonge ya wali yaliyovikwa mwani, akaenda. Ginpei akamfuata nyuma, eti awe shahidi. Njiani akamkumbusha, kwa upole wa adui, kwamba hamamu yenye picha ya Fuji haijawahi kumvunja mtu kiuno. Mlima ukawapokea kwa mizizi, ukawarushia kokoto, ukawanyoosha shingo kama kuku wanywao maji. Tomeko akatweta, akatukana kidogo, akapanda. Na walipofika mahali pa kuona bahari, wakauona pia ukungu: jeshi jeupe lisilovaa viatu, likipanda kutoka majini bila kuuliza njia.

Chini kidogo ya kilele kuna jabali lenye mnyororo mmoja, na mnyororo huo hupitisha watu wa upande mmoja tu kwa zamu. Hapo ndipo walipokutana na jeshi lililowashinda wengi: chama cha mabibi wa mji wa jirani, wakishuka, kofia vichwani, fimbo mikononi, adabu imewajaa hadi kwenye kope.

"Piteni nyie mnaopanda, ndiyo desturi ya mlima," akasema kiongozi wao, Bibi Shizuno, akainama.

"Hatuthubutu, bibi. Nyie wakubwa wetu, tena mmechoka. Shukeni," akajibu Ginpei, akainama zaidi.

"Tutawachelewesha, na hii miguu yetu ya kizee."

"Tuna haraka gani sisi? Siku nzima ni yetu."

Tomeko akamfinya mbavuni. "Ginpei, ukungu huo."

"Nauona. Lakini tukitangulia tutaonekana watu gani?"

Basi wakainamiana kama miche ya mpunga kwenye upepo, huku jeshi jeupe likimeza visiwa kimoja baada ya kingine. Kukataa kupisha ni ufidhuli. Kukubali kupishwa mapema ni ufidhuli mkubwa zaidi. Na hapo, enyi wasikivu, akili ya Tomeko ikawaka kama tanuri lake. Aliona kwamba jabali lile lilisimama wima mno, hata kupanda na kuinama kukawa kitendo kimoja. Akainama kwa heshima kuu, mikono ikaukuta mnyororo, akaendelea kuinama kwenda juu, akiinama kwa Bibi Shizuno, akiinama kwa wa pili, akiomba radhi kwenye viatu vya kila mmoja, na mabibi nao wakainama kumjibu. Walipoinua vichwa, alikuwa keshapita, na hapakuwa na mtu wa kusema ametangulia.

Kilele! Upepo ukamvua taulo. Kushoto kwake ghuba ilijikunja kama mkono unaokinga maji. Visiwa vikatapakaa kama ufuta kwenye sinia. Ngisi wakimeremeta kwenye kamba za kuanikia, na dohani ya hamamu yake ikasimama katikati ya mji kama kidole cha mtoto aliyeitwa jina. Akatazama hadi macho yakalowa. Alipogeuka kulia, ukungu ukafunga mlango.

Ginpei akafika baadaye, akihema, akakuta weupe mtupu.

"Umeona?"

"Nusu. Ya kushoto."

Ginpei akapiga hesabu ya kiambaza, kushoto wanawake, kulia wanaume, akanywea. "Hebu tungoje kidogo, mama."

Wakala wali wote. Ukungu haukubanduka.

Adhuhuri, hamamuni, fundi Otowa akasikiliza ya kushoto, akaitikia kwa kichwa kwa furaha, kisha akamgeukia shahidi. Na kulia kulikuwa na nini? Wanaume wote wakamkodolea macho Ginpei. Angesema tu kwamba hakuona kitu, Fuji angerudi, walau nusu yake. Ginpei akauma mdomo.

"Ukungu," akasema.

Ndivyo ilivyoandikwa kwa rangi, na haitafutika mpaka mvuke utakapochoka: upande wa wanawake ghuba nzima na visiwa vyake, kila mama akitafuta paa lake na kumsema jirani yake; upande wa wanaume, kutoka sakafu hadi dari, weupe. Na mgeni yeyote akithubutu kuucheka ukuta ule, Ginpei muuza tofu huinuka majini, taulo kichwani, akatamka kwa sauti ya wafalme:

"Ndivyo ulivyokuwa, bwana. Mimi mwenyewe nilikuwepo."